Jicho juu ya shimo la mafuta

Asubuhi moja ya masika, mvuvi mmoja mzee alikuja getini kwetu na chupa ya plastiki mkononi. Nilipoitwa nikamwamkia, akaitikia marahaba, kisha akainua chupa kwenye jua. Juu ya maji ya mkondo palikuwa na utando wenye rangi za upinde wa mvua.

"Mwanangu, hii ni yenu. Nyavu zinanuka mafuta ya taa."

Nikajitetea kwamba huenda ni ule utando wa matope ya mikoko, maana nao hung'aa hivyo hivyo. Mzee hakubishana. Alinivua kofia ngumu ya kazini, akaigeuza, akamimina maji yake ndani, akayakata kwa kijiti. Utando uliachana, halafu taratibu ukaungana tena. "Wa matope ukiukata unavunjika vipande kama kioo," akasema, "na haurudi." Ndivyo ilivyo. Ule wa matope hutokana na bakteria wa chuma na hukatika kama ganda jembamba, lakini mafuta hufumba njia ya kijiti. Nilikuwa nimefanya kazi ya vipimo miaka kadhaa, na jambo hilo lilinifika kupitia kofia yangu mwenyewe.

Mimi ni fundi wa vipimo kwenye bohari moja ya mafuta Kigamboni, ng'ambo ya bandari ya Dar es Salaam. Maji ya mvua kutoka uwanjani hupita mferejini, huingia kwenye shimo la kutenganisha mafuta, ambalo sisi tunaliita intasepta, kisha hutoka kuelekea mikokoni. Mafuta yanaelea, maji yanatoka kwa chini. Ukaguzi wetu ulikuwa huu: mlinzi achungulie shimo mara moja kila zamu, aandike daftarini. Nililifungua daftari la mwezi ule. Safi, safi, safi, hata zamu za usiku wakati taa ya pale ilikuwa imeungua.

Mkubwa wangu alisema chupa moja si ushahidi, tena kama mkondo wote unang'aa basi zimevuja lita maelfu, na hesabu ya matangi ingeonyesha. Hapo nikamfanyia hesabu nyingine. Wakaguzi wa anga wa Bahari ya Kaskazini, chini ya Mkataba wa Bonn wa kupambana na uchafuzi wa bahari hiyo, husoma unene wa mafuta kwa rangi: rangi ya fedha ni mikroni (sehemu za elfu za milimita) 0.04 hadi 0.3, upinde wa mvua ni 0.3 hadi 5, na mng'ao wa metali ni 5 hadi 50. Unywele mmoja una mikroni 70 hivi. Chukua uwanja wa mpira wa mita za mraba 7,000, uufunike kwa utando wa mikroni 1. Ni lita 7. Ndoo haijajaa! Hakuna kipimo cha tangi kinachoweza kuona upungufu wa lita 7. Alikaa kimya, akaniuliza kifaa cha kuona utando kama huo ni bei gani.

Tulichagua kihisi kinachotumia mwanga wa urujuanimno. Kiko cha aina nyingine kinachopima mwanga unaorudi tu: maji hurudisha karibu 2% ya mwanga unaoyapiga wima, mafuta hurudisha kati ya 3% na 4%. Nilikiogopa kwa sababu maji yetu hayatulii, na wimbi dogo tu linatosha kuichezea tofauti hiyo. Hiki cha kwetu hupiga mwanga usioonekana juu ya maji mara nyingi kwa sekunde. Kwenye dizeli na vilainishi kuna kemikali zinazounyonya mwanga huo na kuurudisha ukiwa wa buluu, na maji masafi hayafanyi hivyo. Kifaa hupima taa yake ikiwaka, hupima tena ikizimika, kisha hutoa tofauti, kwa hiyo jua la mchana halikidanganyi. Kinaning'inia kama mita moja juu ya maji bila kuyagusa, na kimeidhinishwa kwa sehemu zenye mvuke wa mafuta. Hilo la mwisho usilipuuze kwa ajili ya bei.

Ili wenzangu waelewe, niliazima taa ya kukagulia noti dukani, tukaingia stoo yenye giza na tone la oili chakavu kwenye sahani. Likang'aa. Tangu siku hiyo walinzi wakakiita kihisi "jicho".

Kosa langu la kwanza lilikuwa mahali. Nilikifunga ukuta wa kusini kwa sababu sanduku la umeme liko hapo. Tukamwaga kikombe kidogo cha dizeli kwenye mdomo wa shimo, tukasubiri ujumbe wa simu. Kimya. Tulipochungulia, dizeli yote ilikuwa imejibana kona ya kaskazini, na chini ya jicho maji meupe kabisa. Ulikuwa msimu wa kusi. Upepo husukuma utando kwa karibu 3% ya mwendo wake, yaani upepo wa mita 6 kwa sekunde huusogeza sentimita 18 kila sekunde. Shimo letu lina urefu wa mita 6, kwa hiyo safari yote ni nusu dakika. Na jicho lenyewe linaona duara lisilozidi kisahani cha chai!

Nikalihamishia kona ya kaskazini. Likafanya kazi vizuri hadi Desemba, upepo ulipogeuka kuwa kaskazi, likapofuka upya. Nacheka sasa, ila siku ile sikucheka. Mtoto yeyote wa pwani angeniambia.

Ndipo nilipoacha kulihamisha jicho nikaanza kuyaleta mafuta. Tulichukua bomba jepesi la plastiki, tukaliziba ncha zote mbili lielee, tukalifunga mshazari kutoka ukuta hadi ukuta karibu na njia ya kutokea. Maji hupita chini yake. Utando hauwezi, hivyo huteleza kulifuata bomba mpaka kona moja, na jicho liko juu ya kona hiyo. Dhidi ya upepo tuliweka nusu ukuta wa mabati, juu tukaacha wazi ili mvuke usituame. Gharama ya hayo yote haikufika hata sehemu ndogo ya bei ya kifaa, lakini bila hayo kifaa kilikuwa pambo.

Ving'ora vya uongo vilinichosha zaidi. Kila Jumamosi alasiri jicho lilipiga kelele na shimoni hapakuwa na kitu. Nilibadilisha nyaya, nikashuku umeme. Jumamosi moja nikakaa pale kuanzia saa saba. Saa tisa hivi, vijana wa karakana wakaanza kufua ovaroli zao bombani, na povu likashuka mferejini. Sabuni ya unga ina dawa ya kung'arisha nguo, na dawa hiyo ndiyo inayofanya shati jeupe liwake kwenye taa za disko. Kwa jicho letu, povu la sabuni na dizeli ni ndugu. Tukawahamishia wafuaji upande mwingine.

Maji ya bamvua nayo yakirudi kwa nyuma kutoka mikokoni huja na rangi ya chai, na rangi hiyo ina mng'ao wake. Mng'ao huo hupanda polepole na kushuka polepole, wakati mafuta hupanda kwa ghafla, kwa hiyo nilipanga king'ora kifuate kasi ya kupanda badala ya kiwango peke yake.

Halafu mjusi kafiri. Mwanga wa urujuanimno huvuta wadudu usiku, wadudu humvuta mjusi, na mjusi akishiba hujisaidia kwenye kioo. Hakuna kitabu cha maelekezo kilichonionya.

Kwa hiyo kila Jumatatu nafuta kioo, kisha nafanya jaribio dogo. Nina tangi la plastiki lililokatwa, lenye uso wa karibu mita 1 ya mraba. Millilita 1 ya dizeli, niliyoivuta kwa bomba la sindano, ikitanda humo ni mikroni 1. Naliteremsha jicho juu yake. Likikaa kimya, halirudi ukutani.

Masika iliyofuata, saa tisa usiku, simu ililia. Nilifika kwa bodaboda nikiwa nimelowa, nikiamini ni mjusi. Kona ilikuwa na utando mpana wa rangi, na ulikuwa ukiongezeka. Tulifunga lango la kutokea, tukafuata mfereji kwa tochi hadi kwenye ukuta wa kinga unaozunguka tangi moja. Valvu ya kutolea maji ya mvua ilikuwa imefunguliwa jioni na kusahauliwa, na sili ya pampu iliyo ndani ya ukuta ilikuwa ikidondosha dizeli tone kwa tone. Bila shaka ndivyo ilivyokuwa mwaka uliotangulia pia. Tulichota kwa matambara ya kunyonyea mafuta hadi kukapambazuka. Daftarini, zamu ile ilikuwa tayari imeandikwa "safi".

Lililobaki ni petroli. Mng'ao wake ni hafifu, na ikitanda juu ya maji yenye joto la Kigamboni huruka kabla jicho halijaamua. Kwa petroli bado tunategemea pua.