Ukurasa wa harusi, Lubumbashi: kumbukumbu ya mradi

Wiki ya 1

Anwani ya ukurasa wa intaneti imeamuliwa kabla ya rangi na picha, maana ndiyo inayoingia kwenye kadi ya mwaliko, na kadi ikishatoka kwa mchapaji hakuna kurudi nyuma. Alama ya QR, ile ambayo kamera ya simu huisoma na kufungua ukurasa, tumeipa sentimita 2.5 kila upande, nyeusi juu ya nyeupe, na ukingo mtupu kuizunguka. Kulikuwa na ombi la dhahabu juu ya krimu ili ifanane na maua. Inapendeza, ila kamera ya simu haioni tofauti ya kutosha kati ya rangi hizo, na mgeni anabaki kuzungushazungusha kadi mkononi.

Wiki ya 2

Mega, yaani data ya intaneti. Picha sita za simu, MB 4 kila moja, ni MB 24, na hakuna mjomba atakayemaliza mega zake kutazama picha za uchumba. Tumezishusha hadi pikseli 1200 za upana, JPEG ubora 70: KB 150 hivi kila moja, zote sita hazifiki MB 1. Upana na kimo cha kila picha vimeandikwa ndani ya HTML, msimbo wa ukurasa. Visipoandikwa, maandishi yanarukaruka picha zikishuka, na kidole kinagusa kitufe kisicho chake. Hakuna wimbo unaojipiga wenyewe. (Uliombwa mara mbili.)

Neno «Église» lilitoka «Ã‰glise». Faili ni UTF-8 (namna ya kuhifadhi herufi), ila mstari wa charset, unaoiambia simu isome herufi kwa namna hiyo, ulikosekana juu ya ukurasa.

Wiki ya 3

Saa ndiyo iliyokula wiki hii yote. Kongo ina majira mawili ya saa, na Lubumbashi iko saa moja mbele ya Kinshasa. Kipima muda cha ukurasani, kinachohesabu kurudi nyuma hadi saa ya harusi, kikiandikiwa T14:00:00 (yaani saa nane mchana) tu, bila kitu nyuma yake, hufuata saa ya simu ya mgeni. Kwa hiyo simu ya Kinshasa ikifika sifuri, huku ni saa tisa na bibi harusi ameshaingia. Jaribio la kwanza lilipita vizuri, na hapo ndipo mtego ulipo: lilifanywa na simu iliyoko Brussels mwezi wa Julai, wakati Brussels inalingana na Lubumbashi. Kosa lingejitokeza mwisho wa Oktoba, wanaporudisha saa nyuma kule.

Dawa ni herufi sita za mwisho: T14:00:00+02:00. Kwenye faili ya kalenda, ambako tunaandika kwa UTC (saa ya kimataifa, iliyo saa mbili nyuma yetu), 14h00 yetu ni 120000Z. Ukilazimika kuchagua jina la majira, ni Africa/Lubumbashi, siyo Africa/Kinshasa. Na kwa macho ya watu tumeandika yote mawili: «14h00, saa nane mchana, saa za Lubumbashi».

Ramani ina mtego wa aina hiyohiyo. Mji uko kusini mwa ikweta, karibu na -11.66, 27.48. Alama ya kutoa ikianguka wakati wa kunakili, mgeni anapelekwa Sudan. Desimali tano zinatosha kufika getini, mbili zinaweza kukuacha nusu kilomita mbali. Chini ya kiungo yapo maelekezo kama dereva wa teksi anavyoyataka: komini, avenyu, kinachoonekana kutoka barabarani, rangi ya geti.

Wiki ya 4

Fomu ya majibu. Mtu ana jina, postnom (jina la pili) na prénom (jina la kwanza, kama la ubatizo), na kila mara anajaza analotaka. Wengine wanaandika «Papa» na jina la mtoto wa kwanza. Kutafuta kwa jina kumeshindikana. Kila nyumba sasa ina kodi yake, yaani alama ya kuitambulisha, kwa mfano K-17, iliyoandikwa kwa kalamu ndani ya kadi, na idadi ya viti vyake imeshawekwa: mgeni anathibitisha au anapunguza, haongezi. Safu ya namba za simu lazima iwe «maandishi», la sivyo jedwali linakula sifuri ya mbele. Kiungo cha WhatsApp kinaanza na 243, bila jumlisha wala sifuri.

Namba ya kupokea michango haipo ukurasani. Neno la siri la ukurasa wa namna hii linasomeka na yeyote anayefungua msimbo wake, kwa hiyo namba inatumwa kwa mtu mmojammoja.

Wiki ya 5

Picha ndogo inayoonekana kiungo kikitumwa WhatsApp: pikseli 1200 kwa 630, chini ya KB 300, anwani kamili ya https. Tulipoibadilisha, ile ya zamani iliendelea kuonekana, kwa sababu huwa inahifadhiwa. Kuongeza ?v=2 mwishoni mwa kiungo kumeimaliza.

Wiki ya 6

Orodha ya mlangoni imechapishwa nakala mbili, kwa mpangilio wa kodi na siyo wa majina, herufi za ukubwa wa 14 ili zisomeke kwa tochi umeme ukikatika. Nakala moja inakaa getini, ya pili iko kwa anayepanga meza.