Siku yangu kwenye simu za 988

Saa 12 asubuhi. Mvua ya Seattle haijakatika tangu jana. Napokea simu za 988, namba ya Marekani ya kumsaidia mtu anayefikiria kujiua au aliyezidiwa na matatizo ya akili. Mwenzangu wa zamu ya usiku ananikabidhi kiti na karatasi: kijana mmoja alipiga saa tisa usiku akisema amechoka kuishi, akaahidi kupokea tukimpigia asubuhi. Nampigia. Hapokei.

Saa 2. Anapiga mama mmoja, Kiingereza chake cha kuungaunga. Akisikia lafudhi yangu ananyamaza kidogo. "Mwanangu, wewe ni wa kwetu?"

"Ndiyo, mama. Sema tu."

Kijana wake hajalala siku tatu, amejifungia chumbani, anajibizana na watu wasioonekana. Halafu mama anashusha sauti: "Ila polisi usiite, nakuomba."

Hofu hiyo naielewa. Mwaka 2018 huko Richmond, Virginia, Marcus-David Peters, mwalimu wa sekondari, alipandwa na wazimu barabarani. Alikuwa uchi, hana silaha, na polisi akampiga risasi akafa. Ilibidi afe ndipo Virginia itunge sheria yenye jina lake, ya kuwashirikisha wataalamu wa afya ya akili badala ya kuwaachia polisi peke yao.

Hapa jimbo la Washington natuma timu ya watu wawili: mshauri, na mwenzake aliyewahi kuugua hivyo hivyo akapata nafuu. Nabaki na mama kwenye simu. Anasali, nami naitikia. Baada ya muda mrefu nasikia mlango ukigongwa, taratibu.

Saa 6 mchana. Nakula wali wa jana nikikumbuka jirani aliyenionyesha bili yake ya simu, amekasirikia makato ya senti 40 kwa mwezi yanayochangia huduma ya 988. Sheria ya jimbo ya mwaka 2021 ilianza na senti 24, zikapanda hadi 40 Januari 2023. Nilimweleza kwamba senti hizo ndizo zinazogonga mlango taratibu. Majimbo mengi hayana makato haya, na jambo hilo linaniuma, kwa sababu namba 988 inafanya kazi nchi nzima tangu Julai 2022, lakini simu ikipokelewa, nani ataenda nyumbani kwa mgonjwa?

Mchana simu ni nyingi, fupi fupi.

Saa 9 timu inaniarifu: kijana wa yule mama amefungua mlango mwenyewe, amekubali kupelekwa kituo cha matibabu. Mama yuko naye.

Saa 10 jioni. Nampigia yule kijana aliyepiga usiku mara ya nne. Hapokei. Namwandikia anayeingia zamu: "Mpigie tena."