Kumuuguza mama usiku na bado nikapata usingizi

Tangu mama avunjike nyonga, usiku yuko mikononi mwangu. Nalala chumba cha pili, mlango wazi. Mwanzoni kila kitu kilinigutusha: mbwa, pikipiki, hata mlio wa friji. Kulipokucha nilikuwa hoi, na mgonjwa haangaliwi na mtu aliye hoi. Kilichoniokoa ni kujua ubongo hufanya nini tukilala.

Macho hufumbwa, masikio hayafumbwi. Sauti hupita kwenye thalamasi, sehemu iliyo katikati ya ubongo inayopokea habari kutoka karibu milango yote ya fahamu na kuzipandisha juu. Usingizini hupunguza inachopitisha, lakini haizuii kila kitu. Mwaka 1960 Ian Oswald na wenzake waliwasomea watu waliolala orodha ya majina, huku wakipima umeme wa ubongo. Jina la mtu mwenyewe liliutikisa ubongo wake kuliko majina mengine. Kwa hiyo aliyelala bado anachagua, na mimi niliamua kuusaidia ubongo wangu uchague vizuri.

Mama alikuwa akigonga kitanda kwa fimbo. Nikamwomba aniite kwa jina langu la utotoni. Sasa huita kwa sauti ya kawaida tu, nami nimeshakaa kitako kabla hajarudia. Upande wa kelele niliwasha feni. Kinachoshtua zaidi ni sauti kuzuka ghafla penye kimya, na mvumo usiobadilika hupunguza tofauti hiyo. Niliipima kwanza: iwe ya chini kiasi kwamba sauti ya mama inaipita.

Harufu ni habari nyingine, na hapa naomba kila anayeuguza mtu anisikilize. Usingizi ukiwa mzito, harufu ya moshi haiaminiki kumwamsha mtu. Nilifunga king'ora cha moshi wiki ileile nilipolijua hilo.

Mdogo wangu alipokubali kunipokea zamu, nilimwambia aje siku moja kabla. Utafiti wa mwaka 2016 ulionyesha kuwa usiku wa kwanza ugenini, nusu ya kushoto ya ubongo hulala kwa wepesi zaidi kuliko ya kulia, kama mlinzi. Usiku huo alale tu, ageuke atakavyo, mama nitamwitikia mimi. Zamu yake inaanza usiku wa pili.