Miaka Miwili ya Hanania na Miaka Sabini ya Yeremia

Wapendwa katika Kristo, neema na amani ziwe nanyi. Somo letu la wiki hii ni Yeremia sura ya 28 na ya 29, na kando yake tutasoma Danieli sura ya 6. Nimeyachagua kwa sababu ya maombi yanayoletwa katika ushirika wetu siku hizi, ambayo mengi yanahusu kazi. Mmoja anaombewa kwa kuwa idara yake inaunganishwa na nyingine. Mwingine mkataba wake unakaribia kwisha na hakuna anayemwambia kama utahuishwa. Mwingine amepokea barua ya uhamisho wakati watoto wako katikati ya muhula.

Mji wetu wa Dar es Salaam umepitia mengi ya namna hii. Mwaka 2016, mabasi ya mwendokasi yalipoanza kati ya Kimara na katikati ya mji, daladala ziliondolewa katika njia hiyo, na madereva na makondakta waliokuwa wakiijua Barabara ya Morogoro kituo kwa kituo walilazimika kutafuta njia nyingine au kazi nyingine. Mwaka huohuo Serikali ilitangaza kwamba sasa inahamia Dodoma kwa vitendo. Mwaka 2018 mifuko ya pensheni ya PSPF, LAPF, GEPF na PPF iliunganishwa kuunda PSSSF, mfuko mmoja wa watumishi wa umma, na watumishi waliotoka katika taasisi zenye desturi tofauti wakajikuta wanapokea maagizo ya bosi mmoja. Mwaka 2024 sehemu ya gati za bandari yetu ziliingia mikononi mwa waendeshaji wapya. Nyuma ya kila badiliko la namna hii kuna mtu aliyekaa mezani usiku, karatasi mbele yake, akihesabu kodi ya nyumba, ada na dawa za mzazi.

Watu aliowaandikia Yeremia walikuwa katika hali kama hiyo, na mbaya zaidi. Mwaka 597 KK Nebukadneza, mfalme wa Babeli, alimchukua mateka Yekonia mfalme wa Yuda pamoja na wakuu wake, na Biblia inataja kwa makusudi kundi jingine lililochukuliwa pamoja nao: mafundi na wafua chuma. Walikuwa watu wa kazi. Walichukuliwa kwa ajili ya ustadi wa mikono yao, wakapelekwa kuutumia katika mji wasioupenda, chini ya mabwana ambao hawakuwachagua. Swali lililokuwa midomoni mwao lilikuwa hilohilo tunaloulizana sisi kwenye ngazi za ofisi: hali hii itaendelea mpaka lini?

Jibu la kwanza lilitoka kwa Hanania mwana wa Azuri, nabii wa Gibeoni. Alisimama hekaluni mbele ya makuhani na watu wote, akasema kwamba ndani ya miaka miwili vyombo vya hekalu vitarudi, mfalme atarudi, na mateka wote watarudi. Yeremia alikuwa amevaa nira ya mti shingoni kama ishara ya utumwa wa Babeli, na Hanania akaivua nira ile akaivunja mbele ya watu. Naamini wengi waliokuwapo walifarijika sana. Hata Yeremia mwenyewe aliitikia “Amina”, akasema Bwana na atende hivyo, maana hata yeye alitamani iwe kweli. Lakini haikuwa kweli. Hanania alikufa mwaka uleule, na Yeremia akawaandikia mateka barua yenye hesabu nyingine: miaka sabini.

Tusiipite hesabu hiyo haraka ili tufike kwenye mstari wa 11 wa sura ya 29, ambao wengi wetu tunaujua kwa moyo na tumeubandika ukutani. Mawazo ya amani ambayo Mungu anasema anawawazia watu wake yanatajwa baada ya miaka sabini kutajwa. Maana yake ni kwamba baadhi ya waliosikia barua ile ikisomwa hawangeiona tena Yerusalemu. Kwa watu hao Mungu hakutoa tarehe ya karibu. Aliwapa agizo la kufanya kazi: wajenge nyumba wakae ndani yake, wapande bustani wale matunda yake, waoe na kuoza, waongezeke wala wasipungue, wautakie amani mji ule na kuuombea, kwa kuwa katika amani ya mji ule wao wenyewe watapata amani.

Ninasadiki kwamba ustahimilivu wa Mkristo kazini unaanzia hapo, katika kukubali kuambiwa ukweli juu ya muda. Tunapenda kusema kwamba mvumilivu hula mbivu, na ni kweli, ila mateka wa Babeli hawakuagizwa wavumilie wakiwa wamekaa juu ya mizigo yao. Mtu aliyeambiwa miaka miwili hapandi mti. Hafungui sanduku, hajifunzi lugha ya wenyeji, hafanyi urafiki na jirani, kwa kuwa moyoni mwake yuko safarini kurudi. Miaka miwili ikipita bila kitu, anakuwa amepoteza muda na matumaini kwa pamoja, na mara nyingi anaanza kumlaumu Mungu kwa ahadi ambayo Mungu hakuitoa.

Kina Hanania wa leo wanapatikana kila ofisi. Tangazo linabandikwa ubaoni likiwa na mhuri na saini, watu wanasogea mmoja mmoja na kulipiga picha kwa simu, na kabla ya saa ya chakula cha mchana tayari kuna ujumbe katika kundi la WhatsApp unaosema kwamba “wakubwa” wamekwisha kubadili mawazo, au kwamba mfumo mpya utashindwa na tutarudia utaratibu wa zamani. Ujumbe huo husambaa kwa sababu unaponya kwa siku moja. Linalonihuzunisha zaidi ni pale sisi waumini tunapoupaka mafuta ya kiroho na kumwambia mwenzetu, “Hilo halitakupata, kwa jina la Yesu,” bila kuwa na neno lolote kutoka kwa Mungu juu ya jambo hilo. Ndugu huyo anaacha kujiandaa. Siku barua inapomfikia, anabeba mizigo miwili: wa kupoteza kazi, na wa kudhani imani yake ilikuwa pungufu.

Kupanda bustani mahali pa kazi kuna sura nyingi, nami nitaeleza moja niliyoiona kwa macho. Katika ofisi moja ya hapa mjini alikuwapo mama wa masjala aliyefahamu kila jalada lilipo. Ukimtajia shauri la zamani alikwenda moja kwa moja kwenye rafu, akafungua kamba na kukupa karatasi unayoitaka. Majalada yalipoanza kuhamishiwa kwenye kompyuta, wengi waliona kwamba siku zake zimekwisha. Mama huyu alinunua kaunta buku. Akamwomba kijana wa mafunzo kwa vitendo aketi naye kila mchana, akaandika hatua zote kwa mwandiko wake mkubwa: bonyeza hapa, subiri, usibonyeze mara mbili, hakikisha jina la anayepelekewa. Alikosea mara nyingi mbele ya mtu ambaye angeweza kuwa mjukuu wake, wala hakuona haya kusema, “Mwanangu, rudia tena taratibu.” Baada ya muda watu wa idara nyingine walikuwa wakija kupiga picha kurasa za daftari lile. Ilibainika pia kwamba kijana aliijua mashine lakini hakujua barua ya malalamiko ya ardhi hupita kwa nani kabla ya kufika kwa mkurugenzi, na maarifa hayo yalikuwa kwa mama. Mabadiliko hayakuufuta ustadi wake. Yaliuhitaji mahali pengine, kama ustadi wa wafua chuma wa Yuda ulivyohitajika Babeli.

Si kila aliyejitahidi hivyo alibaki kazini. Wapo waliojifunza kwa bidii na nafasi zao zikafutwa. Agizo la kupanda bustani halikuambatana na ahadi kwamba kila mmoja atabaki alipo. Hata hivyo anayeondoka akiwa amejifunza anaondoka na kitu mkononi.

Wapo pia ndugu zetu waliohamia Dodoma. Wengine kwa miaka kadhaa waliishi chumba kimoja chenye godoro na begi, kila Ijumaa wakiwahi basi la kurudi Dar es Salaam, kila Jumapili jioni wakiaga watoto mlangoni. Siwalaumu hata kidogo, kwa kuwa familia ni wito wa kwanza, na tangu treni ya umeme ilipoanza kwenda Dodoma mwaka 2024 safari hiyo imekuwa nyepesi. Lakini nimesikia ushuhuda wa waliofika mahali wakaamua kutafuta ushirika wa huko, wakajiunga na kwaya, wakanunua kiwanja kidogo, na wapo waliopanda zabibu. Wanasema uchovu ulipungua tangu siku walipoacha kuishi kama wapita njia.

Jambo la huzuni tusilifiche. Watu walewale walioandikiwa barua hii walikaa kando ya mito ya Babeli wakalia walipoikumbuka Sayuni, wakavitundika vinubi vyao kwenye miti, na Mungu akaruhusu kilio hicho kiwe Zaburi ya 137. Anayelia kwa sababu ya kazi aliyoipoteza, au kwa timu iliyovunjwa na marafiki waliotawanyika, asikimbizwe kwenye shangwe kabla ya wakati wake. Naye nabii Eliya alipochoka hata akaomba afe, Mungu hakuanza kwa kumkemea: malaika alimgusa, akampa mkate na maji, akamwacha alale tena, kisha akamwamsha ale mara ya pili kwa kuwa safari ilikuwa kubwa kwake. Kuna waumini miongoni mwetu wanaokesha na kufunga katika majuma ya mabadiliko makubwa kazini huku miili yao inaomba usingizi. Kwa heshima yote nawashauri walale, na wale.

Sasa tumtazame Danieli. Mtu huyu alichukuliwa akiwa kijana, akabadilishiwa jina, akafundishwa elimu ya Wakaldayo, akatumika chini ya Nebukadneza, kisha Belshaza, kisha Dario, hata dola yenyewe ikabadilika mikono, naye akadumu hata siku za Koreshi. Maliwali 120 na wakubwa wenzake walipotafuta kosa katika kazi yake hawakulipata. Walipomtegea kwa sheria ya kukataza maombi, alipanda chumbani kwake ambako madirisha yalielekea Yerusalemu, akapiga magoti mara tatu kwa siku kama alivyokuwa akifanya tangu hapo. Maneno hayo, kama alivyokuwa akifanya tangu hapo, yabebeni wiki nzima. Danieli hakuanzisha ratiba ya maombi siku ya hatari. Hatari ilimkuta tayari yumo ndani ya ratiba hiyo. Wala hakuwa peke yake: miaka ya nyuma, amri ya kuwaua wenye hekima wa Babeli ilipotoka, alikwenda nyumbani akawaeleza wenzake Hanania, Mishaeli na Azaria ili waombe pamoja. (Huyu ni Hanania mwingine, mwenye moyo tofauti kabisa na wa yule wa Gibeoni.) Kila mmoja wetu awe na wenzake wawili au watatu ambao anaweza kuwatumia ujumbe saa nne asubuhi na kusema, “Nimeitwa na mkurugenzi, niombeeni.”

Kuna waumini wanaodhani kwamba kuuliza haki zao ni kukosa imani. Mtume Paulo alidai haki yake ya uraia wa Kirumi pale Filipi, na baadaye akakata rufani kwa Kaisari. Sheria yetu ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, katika kifungu cha 38, inamtaka mwajiri anayekusudia kupunguza wafanyakazi atoe taarifa mapema, aeleze taarifa zinazohusika, na ashauriane nao au na chama chao kuhusu sababu, njia za kuepuka upunguzaji, namna ya kuwachagua watakaoondoka, na malipo yao. Anayeona ameachishwa isivyo haki ana siku 30 za kupeleka shauri lake Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na siku hizo hazisimami kwa kuwa mtu yuko kwenye mfungo. Ombeni, na barua zenu zihifadhini. Muulizeni ndugu anayejua sheria ndani ya juma la kwanza, si mwezi wa pili.

Neno la mwisho ni kwa wale miongoni mwetu ambao Mungu amewaweka kuwa wakuu wa idara, mameneja na waajiri. Ninyi mnajua mapema kuliko wengine, na kishawishi chenu ni kile cha Hanania: kusema “msiwe na wasiwasi” ili kikao kiishe kwa amani. Msilitamke neno hilo kama hamna hakika nalo. Semeni mnalolijua, semeni lipi bado halijaamuliwa, na tajeni siku mtakayowarudia, kisha siku hiyo warudieni hata kama hakuna jipya. Na kama ni lazima mtu aondoke, asiisome habari hiyo ubaoni pamoja na wapita njia. Mwiteni kwa jina, fungeni mlango, mpeni kiti, mwambieni ana kwa ana, na mfanye hivyo mapema kiasi cha kumwezesha kupanga ada ya Januari.