Wiki moja ya Septemba 2022, nikiwa Leeds

Wengi huikumbuka kama wiki ya kifo cha Malkia Elizabeth. Kwetu Wakenya wa hapa Leeds, Uingereza, ilianza mapema, Jumatatu tarehe 5, na haikuanza na Malkia. Saa nne asubuhi ya huku, Nairobi ikiwa saa sita mchana, Jaji Mkuu Martha Koome aliketi kusoma uamuzi wa Mahakama ya Upeo. Nilikuwa nimetoka zamu ya usiku kwenye nyumba ya wazee ninakofanya kazi, na badala ya kulala nikashinda kwenye simu. Majaji wote saba, kwa kauli moja, wakatupilia mbali kesi ya Raila Odinga ya kupinga matokeo ya urais. Ushindi wa William Ruto, asilimia 50.49 kwa 48.85, ukasimama. Shemeji yetu wa Kisumu akatoka kwenye kundi la WhatsApp la familia bila kuaga, kama kawaida yake kila baada ya uchaguzi. Jioni tukamrudisha.

Sijapata hata lepe la usingizi, saa sita unusu chama tawala cha Conservative nacho kikamtangaza Liz Truss kiongozi wake mpya: kura 81,326 kwa 60,399 za Rishi Sunak. Yaani waziri mkuu wa nchi ya watu zaidi ya milioni 65 kachaguliwa na wenye kadi ya chama wasiofika laki mbili. Kwetu Kenya makamishna wanne kati ya saba wa tume ya uchaguzi walikuwa wameyakana matokeo hadharani, na wanahabari wa huku wakapanda ndege kwenda kuona kama tutapigana. Hapa mambo yalipita kimya. Kesho yake Truss akaenda Balmoral kukabidhiwa kazi, akawa waziri mkuu wa 15 wa Malkia yule, na kazi ikaendelea.

Lililotuuma sisi lilikuwa umeme na gesi. Bili ya nyumba ya kawaida ilikuwa ipande hadi pauni 3,549 kwa mwaka kuanzia Oktoba. Alhamisi Truss akasimama bungeni kutangaza kwamba itazuiwa kwenye 2,500. Habari hiyo haikumaliza hata saa mbili. Saa sita unusu ikatoka taarifa kwamba madaktari wana wasiwasi na afya ya Malkia, na watangazaji wakaanza kuongea kwa sauti ya msibani. Saa kumi na mbili unusu jioni akatangazwa kufariki, akiwa na miaka 96.

Niliingia zamu kukiwa kimya. Bibi mmoja ninayemhudumia, mwenye zaidi ya miaka tisini, aliomba nimvalishe koti lake jeusi juu ya nguo ya kulalia, akakaa wima mbele ya runinga hadi saa tano usiku. Chai yake ikapoa. Nikamletea nyingine, nayo ikapoa. Akaniuliza, "Wewe si wa Kenya? Si ndiko Malkia alikokuwa babake alipokufa?"

Ndiko. Usiku wa kuamkia Februari 6, 1952, alilala Treetops, hoteli iliyojengwa juu ya mti kule Nyeri, na habari ya msiba akapewa Sagana. Oktoba mwaka huohuo wakoloni wakatangaza Hali ya Hatari dhidi ya Mau Mau, wapiganaji wa uhuru, na 1954 Treetops ikachomwa moto na Mau Mau hao. Nyanya yangu alihamishwa kwa nguvu, akawekwa kwenye kijiji kilichozungushiwa handaki, wilaya hiyohiyo. Lakini saa tano za usiku, na bibi wa watu analia, nilijibu tu kwamba ndiyo, ni kwetu, nikamrekebishia mto.

Kwenye kundi la familia hakuna aliyejizuia. Mama aliandika, "Alale pema." Mpwa wake akajibu, "Shangazi, na wale 11 waliopigwa marungu hadi kufa kambi ya wafungwa ya Hola?" Mtu akakumbusha malipo ya serikali ya Uingereza ya 2013 kwa walioteswa wakati ule: pauni milioni 19.9 kwa wazee 5,228, na ada za mawakili zikiwa humohumo. Gawanya mwenyewe. Halafu Rais Uhuru Kenyatta akatangaza siku nne za maombolezo, bendera nusu mlingoti, yeye mtoto wa Jomo, aliyefungwa na Waingereza kwa kesi ya Kapenguria. Binamu akaandika "Amina" na kunyamaza. Kaka yangu wa Nakuru alikuwa na msiba wake tofauti: mechi zote za Ligi Kuu ya Uingereza ziliahirishwa wikendi ile, na mkeka wake ukaenda na maji.

Ijumaa usiku mwenzangu wa zamu, Msomali mwenye jamaa zake Baidoa, alinionyesha habari ya Jumatatu ileile. Martin Griffiths wa Umoja wa Mataifa alikuwa amesema Mogadishu kwamba baa la njaa liko mlangoni, na akaitaja Baidoa kwa jina. Jumatatu ile mimi nilikuwa na Koome, huku wakiwa na Truss. Tuliitafuta habari hiyo kwenye runinga ya chumba cha mapumziko, chaneli baada ya chaneli, na kila moja ilikuwa na farasi na kengele. Akanikopa pauni 40 kuongezea za hawala, akazirudisha mwisho wa mwezi.

Baa la njaa halikutangazwa rasmi. Machi 2023 ilitoka ripoti iliyokadiria kwamba ukame ule huenda uliua watu 43,000 Somalia mwaka 2022, na huenda nusu yao walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano.