Leza ya zambarau iliyonifia Mwanjelwa

Julai 2014, Mbeya ilikuwa na baridi ile ya kumfanya mtu aagize chai ili apate kikombe cha kushika. Nilikuwa likizo, nashinda kibandani kwa baba mdogo, fundi redio pale Mwanjelwa.

Leza nyekundu nilishaiwasha siku mbili nyuma. Niliichomoa kwenye DVD raita iliyokufa, nikaifungia LM317, IC ya kudhibiti umeme, na rezista (kidude cha kupunguza umeme) ya omu 5. Ile IC hung'ang'ania volti 1.25 kwenye hiyo rezista. Gawa kwa 5, unapata miliampia 250, hazipandi hazishuki. Betri nne za redio zilitosha, maana nyekundu huridhika na volti mbili na nusu hivi. Nikawashia nayo njiti ya kiberiti mbele ya machinga wa jirani, nikajiona profesa.

Sasa zambarau. Hii niliitoa kwenye draivu ya Blu-ray niliyoinunua kwa hela yangu ya viatu (mama hajui mpaka leo). Nikabadilisha rezista tu, omu 25, miliampia 50. Ikawaka kama inaumwa. Zambarau peke yake inataka karibu volti 5, na LM317 na rezista yake wanakula karibu 3 kabla hawajaigawia kitu. Volti 6 zitatosha wapi? Nikaongeza betri mbili.

Aisee! Doa lenyewe ukutani hata halikuwa kali machoni, na hapo ndipo hatari yake ilipo, kwa sababu jicho hudanganyika na rangi ile. Lakini lilipopita kwenye shati jeupe la baba mdogo, lililofuliwa kwa sabuni ya unga, kitambaa kikawaka buluu kama kina umeme ndani.

Ningeishia hapo. Nikataka kupima volti. Nikachomoa waya mmoja wa leza, betri zikiwa bado zimeunganishwa, nikagusisha mita: 7.6. Nikaona sawa, nikarudisha waya. Zambarau ikapiga mara moja, halafu ikabaki kamwanga kafifu, kama taa ya redio. Nikazima, nikawasha. Vilevile.

"Baba mdogo, shikamoo," nikasema, ingawa tulishaamkiana asubuhi. Ndiyo salamu yangu nikiharibu kitu.

"Marahaba. Umeua nini?"

Akaitazama sakiti bila kuuliza swali la pili. Kidole chake kikatua kwenye kapasita (kidude cha kutunza chaji) ya maikrofaradi 470, niliyoiweka sambamba na leza kwa sababu kubwa nilidhani ndiyo bora. Akachomoa leza, akasubiri kidogo kapasita ijae, kisha akalaza bisibisi kwenye miguu ya kapasita.

Ta! Kacheche kadogo.

"Hiki ndicho ulichomnywesha," akasema, akarudi kwenye redio ya mteja.