Nilivyompata kidudu wa milimita 2 kwenye kamera, na habari ya friji msiniambie tena

Jamani leo nijisifu kidogo. Niko huku Sheffield, Uingereza, na ikifika Desemba wapiga picha za wadudu wenzangu wanafungia kamera zao kabatini, mimi ndo kwanza nachuchumaa kwenye majani yaliyooza ukutani kwa makaburi namtafuta Dicyrtomina, kadudu kanakoruka ka kundi linaloitwa springtail. Kana ukubwa wa punje ya ulezi, kamwili ka mviringo, kichwa kimeinama na pembe zimekunjwa kama viwiko. Tumboni kana mkia umekunjwa kama mtego wa panya, ukikagusa tu paa, kameshafyatuka hukioni tena. Na ati si mdudu kamili, miguu 6 anayo lakini wataalamu wamemtenga na wadudu.

Sasa kuna jamaa akanishauri, waweke kwenye friji watatulia. Nikatia watano kwenye kichupa kikavu, nikakibana pembeni ya kiporo cha maharage, wife karibu aniue. Asubuhi watano wote wamekauka kama pilipili manga! Baridi haiwasumbui hata chembe, si ndo msimu wao wa kutembea, kinachowaua ni ukavu. Mtu anakushauri kitu hajawahi kukijaribu.

Dawa nikaipata kwenye sahani ya chai. Unatia maji kidogo, unaweka jani lenye ukungu katikati liwe kama kisiwa, kidudu juu yake anakula ukungu wake taratibu. Akiruka anaangukia majini na hazami, ngozi yake haishiki maji, anabaki anatembea juu juu kama yuko sakafuni. Unamchota na ncha ya brashi iliyolowa unamrudisha kisiwani. Mmoja nilimrudisha mara 11, nahesabu, chai yangu imepoa. Mara ya mwisho akaangukia mgongo juu ya jani, akachomoa tumboni vinyuzi viwili virefu vinavyonata, akajivuta akasimama. Nilipiga kelele mtu mzima mimi.

Lenzi ni ile ya kubana kwenye simu, hela ya chipsi tu, na usimpumulie.

Picha 200 na kitu, nzuri 3. Kiraka cheusi cha nyuma kina mistari ya kukatiza, basi huyo ni Dicyrtomina wa aina ya saundersi, kingekuwa kimejaa cheusi kitupu ningesema ni aina nyingine, ornata. Wife kaitazama kasema, kumbe ana sura.